Sinia la Magogoni

Mtu akikuambia kwamba Nyanjige wa Magogoni ana roho mbaya, muulize kwanza kama alikwenda kwake akiwa ameshiba. Nyanjige hana subira na mtu aliyeshiba. Akikukuta unachokonoa ugali kwa ncha za vidole, atasimama nyuma yako na mwiko mkononi na kukuuliza kama umekuja kula au umekuja kukagua. Hilo nimeliona mara nyingi, maana kibanda changu cha kutengeneza baiskeli kinatazamana na geti la kiwanda, na mgahawa wake ulikuwa palepale getini, barabara tu katikati yetu. Harufu ya supu yake ilivuka kila asubuhi na kuingia kwangu bila hodi.

Magogoni ni mtaa mdogo pembeni mwa mji wa Bariadi, umejibanza kwenye ukuta wa kiwanda cha zamani cha kuchambua pamba. Wageni hulishangaa jina, kwa sababu hapa hakuna gogo hata moja. Kuna vumbi, malori, na nyuzi za pamba zilizonasa kwenye miiba. Lakini zamani mashine ziliendeshwa kwa mvuke, na tanuru lilikula kuni usiku na mchana. Wanaume walikuja kutoka Nkoma, Lingeka na Maswa kukata miti. Waliburuta magogo kwa ng'ombe mpaka hapa, wakajenga vibanda vyao kando ya rundo. Miti ikaisha, umeme ukaja, wakata magogo wakazeeka na kufa. Jina lilibaki, na lilibaki jiko la bibi yake Nyanjige, aliyekuwa akiwapikia.

Chakula chenyewe si cha kupiga picha. Ugali wake ni wa mahindi yaliyochanganywa na mtama, una rangi ya kichuguu, na ukiwekwa mezani meza inajua. Asubuhi kuna supu ya makongoro iliyolala jikoni, na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa mpaka vikakauka, ambavyo mtu hutafuna na chai huku akiuliza habari za mvua. Mchana kuna nyama ya ng'ombe ya kuchemsha, chumvi tu na moto wa kutosha, kuna nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa na kuungwa kwa karanga, kuna mlenda, na kuna maziwa ya mgando mazito ya kukatwa kwa kijiko. Ukila kwa Nyanjige saa saba, jioni unamwambia mke wako kwamba leo huna njaa, naye anakununia. Mimi ni mgane na sina wa kuninunia, kwa hiyo nakula kwa amani.

Wateja wake wakubwa ni wabebaji wa marobota. Robota la pamba halibebwi na mtu mmoja, hata awe na kifua cha namna gani. Wanaume wanalisukuma kwa mabega juu ya mbao mpaka kwenye lori, wengine wako juu wanalipokea, na mmoja akilegea wote wameumia. Ndiyo maana wanafanya kazi kwa makundi. Na kwa Nyanjige watu waliosukuma pamoja wanakula pamoja, kwenye sinia moja pana kama gurudumu la baiskeli, ugali katikati, nyama upande, nsansa upande. Sahani za mtu mmoja mmoja zipo, lakini ni za akina sisi, wapita njia na mafundi.

Kuna sheria nyingine aliyoiacha bibi yake. Siku za magogo, mti ulimwangukia mwanamume mmoja kiunoni, na msimamizi wa wakati huo akasema asiyeshika shoka hali. Wenzake wakambeba na kitanda chake cha kamba wakaja naye kwenye chakula. Bibi akamwambia msimamizi, "Kiuno kimevunjika, mkono upo. Na kwenye sinia watu wanakula kwa mkono." Tangu siku hiyo, aliyeumia kazini nafasi yake haizibwi. Wenzake wanajibana, naye anakaa palepale alipokuwa akikaa, mpaka apone au mpaka Mungu amchukue.

Nyanjige hakuijua sheria hiyo kwa kuhadithiwa tu. Mume wake, Mboje, alikuwa mbebaji. Vumbi la pamba lilimwingia kifuani, akawa anakohoa mpaka anashika ukuta. Alipoacha kubeba, aliona haya kwenda kwenye sinia. Basi Nyanjige, kwa mapenzi yake, akamtengea sahani nzuri ndani, minofu mitupu, asionekane na watu. Mboje aliitazama ile sahani muda mrefu. Kisha akamwambia, "Mama Minza, sahani ya peke yake ni ya mgonjwa. Mimi sijakubali bado." Akatoka na fimbo yake, akaenda kuketi na kundi lake, na alikula nao mpaka alipokufa. Nyanjige alinisimulia hayo baadaye sana, siku nitakayoieleza, na alinisimulia kwa hasira.

Mwaka jana, msimu wa pamba ulipochanganya, kamba ya kuzuia robota ilikatika. Robota lilirudi kwenye mbao na kumkuta Bujiku hajatoa mguu. Bujiku alikuwa mpiga kelele wa kundi la Maige, yule anayeanzisha wimbo ili wengine wasukume. Alirudi kutoka hospitali na plasta mpaka gotini, amenyamaza. Kila mchana mmoja wa wenzake alikuja kwangu kuazima baiskeli yenye keria imara, akaenda kumpakia Bujiku nyumbani na kumleta kwenye sinia. Sikuwatoza, na wala sitaki sifa, baiskeli yenyewe ilikuwa ya mteja.

Wiki chache baadaye akaja msimamizi mpya. Jina lake Elia, kijana wa makamo, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, simu mbili. Ukimsikia akiongea na wakubwa wake wa Mwanza ungedhani kazaliwa ofisini. Lakini sisi tulimjua, ni mtoto wa Lingeka, amechunga ng'ombe kama sisi sote, na kovu la pembe analo mkononi. Si mtu mbaya. Ni mtu aliyetaka kazi yake ionekane, na mtu wa namna hiyo anaweza kukuumiza kuliko mbaya.

Alimjia Nyanjige asubuhi, wakati supu inagawiwa. Mimi nilikuwa pale na kikombe changu.

"Mwangaluka, mayu," akamwamkia kwa adabu, kama mtoto anavyomwamkia mama yake.

"Mwangaluka, ng'wanawane. Kaa unywe supu, mwanangu."

"Nimekuja na neno zuri. Kampuni imeamua kuwalisha wafanyakazi chakula cha mchana. Tenda nataka uipate wewe. Kiwanda kizima, mayu. Wa mashine, wa ghala, wa ofisini, wote."

Nilimwona Nyanjige anaweka upawa chini. Kiwanda kizima si mchezo. Paa la mgahawa lilikuwa linavuja, na binti yake Minza alikuwa anasubiri kupelekwa chuo cha uuguzi.

"Wanakulaje?" akauliza.

"Kistaarabu. Kila mtu na boksi lake, limeandikwa jina. Aliyesaini kuingia asubuhi anapata, ambaye hakusaini hapati. Habari za masinia ziishe, wakaguzi wakija wanatushangaa."

"Na Bujiku?"

"Bujiku hayupo kazini, mayu."

"Sikukuuliza yuko wapi. Nimekuuliza anakula wapi."

Elia akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta njia. "Huyo ni mgonjwa. Ana familia yake. Kampuni haiwezi kulisha kila aliyewahi kupita getini."

Nyanjige akachukua upawa wake. "Basi tenda yako siitaki."

"Fikiria kwanza."

"Nimefikiria tangu bibi yangu. Usitukane wakunga, Elia, na uzazi ungalipo. Leo una miguu miwili."

Watu waliokuwa wakinywa supu waliinamisha vichwa kwenye vikombe ili wasionekane wanacheka. Hilo nadhani lilimuuma Elia kuliko kukataliwa. Akasimama, akajipangusa suruali isiyokuwa na vumbi, akasema kwamba eneo la getini ni la kiwanda, na kama Mama Minza hataki kufanya kazi na kiwanda, basi alihame kabla ya wiki kwisha.

Mwingine angelia, angekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, angewatuma wazee. Nyanjige hakungoja wiki iishe. Kesho yake alfajiri nilifika kibandani kwangu nikamkuta amekwisha vuka barabara. Masufuria yalikuwa pembeni mwa kibanda changu, kwenye kiwanja alichoachiwa na bibi yake, palepale palipokuwa na rundo la magogo. Hapakuwa na paa. Alikuwa ametandika maturubai mawili, amepanga mafiga mapya, na anapuliza moto huku anatukana kuni kwa kuwa mbichi.

"Fundi," akaniambia, "kama moshi wangu utakukera, hamia getini. Kuna nafasi."

Siku hiyo ndiyo ile niliyosema nitaieleza. Gari lilitoka mjini na maboksi ya chakula kutoka hoteli moja, likaingia kiwandani, na geti likafungwa. Wafanyakazi walitakiwa wale ndani. Huku kwetu Nyanjige alikuwa amepika kama kawaida, kana kwamba hakuna lililotokea. Ugali wa kundi la Maige uliwekwa kwenye sinia, ukafunikwa kwa kanga. Bujiku alikuwa amekwisha letwa na mtoto wa jirani yake, akaketi kwenye mkeka, mguu wa plasta umenyooshwa mbele. Peke yake.

Saa saba ikapita. Hakuna aliyetoka.

Bujiku alikuwa anatazama plasta yake. Hatimaye akasema, "Mayu, mimi narudi nyumbani. Nawaletea matatizo tu."

"Kaa."

"Wana watoto. Nani atatoka hapo ndani afukuzwe kazi kwa ajili ya mguu wangu?"

"Nimesema kaa, Bujiku."

Mimi, kwa busara zangu za kula kwa watu, nikamsogelea Nyanjige na kumnong'oneza. Nilimwambia ampakulie Bujiku sahani yake, ale, aende zake, mambo yaishe. Nilidhani nimesema la maana.

Aligeuka akanitazama mpaka nikatamani kurudi kwenye baiskeli zangu. Ndipo aliponisimulia habari za Mboje na ile sahani ya ndani. Alizungumza kwa sauti ya chini, Bujiku asisikie, lakini kwa ukali.

"Nilimpa minofu mitupu," akasema. "Alinitazama kama niliyemchimbia kaburi. Sitampa mtu mwingine sahani ile. Chakula hiki kilale, kichache, nikimwage kwa mbwa, lakini sinia halifunuliwi na mtu mmoja."

Nilirudi kwenye kigoda changu, nikakaa kutazama geti. 

Kisha mlango mdogo wa geti ukafunguliwa. Akatoka Maige, mkubwa wa kundi, mzee wa mabega mapana anayetembea kana kwamba bado ana robota mgongoni. Mkononi ameshika boksi lake. Nyuma yake wakatoka wengine, wote wa kundi, kila mtu na boksi lake. Mlinzi aliita, hakuna aliyegeuka. Walivuka barabara wakiwa wamejipanga, lori moja likasimama kuwapisha.

 Maige alifunua ile kanga, akafungua boksi lake, akamwaga wali na maharage juu ya sinia, pembeni ya ugali. Yule wa pili akamwaga. Wa tatu akamwaga. Maboksi yalipokwisha, hukuweza kujua wali upi ulikuwa wa nani. Nyanjige alichungulia, akachukua punje chache, akaonja.

"Huu wali umepikwa na mtu aliyekuwa anawahi basi," akasema. Akachota mchuzi wa nyama upawa mzima, akaumwagia juu. "Haya, naweni."

Walinawa wakaketi, wakajibana, Bujiku akiwa mahali pake. Sura yake siwezi kuieleza vizuri. Nitasema tu kwamba nilifurahi, na nilijifanya nakaza nati za baiskeli ili nisitazamwe.

Hapo ndipo Elia alipokuja. Alivuka barabara haraka, simu mkononi, akasimama juu ya sinia, mikono kiunoni.

Ninyi mnaojua kwetu mnalijua kosa lake tayari. Mtu wa Dar angeweza kusimama vile mpaka jioni asione kitu. Lakini Elia ni mtoto wa Lingeka. Huku kwetu watu wakiwa wamenawa na mtu amesimama vichwani mwao, hakuna anayetia mkono kwenye chakula. Aliyesimama ama aketi, ama aende zake. Kula mbele ya mtu aliyesimama ni jambo la mbwa.

"Chakula hicho ni cha watu walioko kazini," Elia akasema. "Kuleni, lakini yule asile. Mimi nasimama hapa nione."

Hakuna aliyekula. Walikaa na mikono yao mibichi hewani, maji yanadondoka kwenye mkeka.

"Kuleni," akarudia.

"Karibu, baba," akasema Maige. "Ukikaa tutakula."

"Mimi nimeshiba."

"Basi tutakungoja mpaka upate njaa."

Ndani ya kiwanda king'ora cha kurudi kazini kikalia. Malori ya marobota yalikuwa yamepanga foleni mpaka nje, na dereva mmoja akaanza kupiga honi. Mwingine akaitikia. Simu ya Elia ikaita, akaizima, ya pili ikaita.

"Mnagoma," akasema. Uso ulikuwa umempauka.

"Hakuna aliyegoma hapa," Maige akajibu kwa upole kabisa, upole unaoudhi. "Tukimaliza kula tunarudi kazini kama kawaida. Ila hatujala. Tumekukaribisha, nawe umesimama. Kwenu Lingeka mnakula hivyo?"

Elia akaitazama foleni ya malori. Akageuka nusu, kama mtu anayetaka kuondoka. Na hapo Nyanjige akaweka beseni la kunawia mbele ya miguu yake.

"Ngoja," akasema. "Kabla hujaenda unisikilize. Umekaribishwa chakula changu mbele ya watu. Ukinipa mgongo sasa, jioni hii Bariadi nzima itasema mkubwa wa kiwanda amekiogopa chakula cha Nyanjige. Mimi ni mwanamke mzima, mume wangu alikufa kwa kukohoa, macho yangu mekundu kwa moshi wa miaka yote hii. Wewe umekulia huku. Unajua neno hilo likianza kwa mwanamke kama mimi linaishia wapi."

Yule dereva aliacha honi, au labda mimi sikuisikia tena. Sote tunajua linaishia wapi. Linaanza kwa kunong'ona kwamba bibi fulani ni mchawi, linaishia kwenye panga. Kila kijiji kina jina la bibi mmoja ambalo watu hawalitaji kwa sauti, na naamini Lingeka nako lipo, kwa jinsi nilivyouona uso wa Elia ukibadilika. Kule kujidai kote kulimtoka. Alibaki kijana aliyesimama juani na kovu lake la pembe.

"Mayu," akasema, "usiseme hivyo."

"Nimeshasema. Maji hayo."

 Elia akaweka simu zake mfukoni, akakunja mikono ya shati, akachuchumaa na kunawa. Watu wa kundi wakajibana tena. Nafasi iliyopatikana ilikuwa kati ya Maige na Bujiku, na mpaka leo Maige anaapa kwamba hakuipanga, nami sijawahi kumwamini.

Kugawa nyama ni kazi ya mkubwa wa sinia. Maige akachagua mnofu mzuri, akampa Elia. Akachagua mwingine, akampa Elia pia.

"Huo mpitishie jirani yako," akasema.

Elia aliutazama ule mnofu. Akamtazama Bujiku, na ule mguu wa plasta uliokuwa karibu kugusa suruali yake yenye pasi. Akampa, kwa mkono wa kulia, kama alivyofundishwa kwao.

"Wabeja, baba," Bujiku akashukuru.

Wakala. Sijawahi kuona watu wakila kwa kasi ile, malori yanangoja. Elia naye alikula. Mwanzo alikula kama mtu anayekunywa dawa, halafu akafika kwenye nsansa za karanga, na nadhani hapo alisahau kidogo kwamba ni bosi, maana alikata tonge la pili kabla hajameza la kwanza. Walipomaliza, kundi lilivuka barabara kurudi kazini, na Bujiku akawaanzishia wimbo kutoka kwenye mkeka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aumie.

Elia hakutaja tena habari za nani ale na nani asile. Huwezi kumpa mtu nyama kwa mkono wako mchana, jioni ukaenda kusema hana haki ya kula. Watu wangekucheka mpaka Maswa. Maboksi yaliendelea kuja, na geti likawa linaachwa wazi saa ya chakula. Kundi la Maige likawa linavuka na kumwaga wali kwenye sinia kila siku. Makundi mengine yakaiga. Wali wa kampuni ukageuka kitoweo cha ugali wa Nyanjige, jambo ambalo sidhani kama wale wa hoteli walilikusudia.

Kabla ya msimu kwisha Elia alikuja tena asubuhi. Safari hii aliketi kabla ya kuamkia. Akamwambia Nyanjige kwamba amezungumza na wakubwa, na anaweza kurudi getini. Nafasi yake ipo, na kiwanda kitamwekea hata bati.

Nyanjige alimpakulia supu, akamwekea na matobolwa.

"Getini unipe wewe, kesho uninyime wewe," akasema. "Huku amenipa bibi yangu. Bati nitaweka mwenyewe."

Na aliweka, moja moja. Upande mmoja hadi leo ni turubai, na mvua ikinyesha sote tunahamia upande wa pili na kukanyagana. Minza bado hajaenda chuo. Siwezi kukudanganya kwamba ukaidi haugharimu kitu. Yuko pale anamsaidia mama yake kusonga, na mkono wake kwenye mwiko unaanza kufanana na wa mama yake, hata ulimi.

Mguu wa Bujiku uliunga vibaya. Anatembea kwa fimbo, na marobota hatayasukuma tena. Lakini msimu huu, king'ora cha saa saba kikilia, utamkuta yuko mahali pake kwenye mkeka.

Juzi alikuja mbebaji mpya katika kundi la Maige, mtu wa Nkoma anayeitwa Mahona, pandikizi la mtu, mikono kama mihimili. Siku yake ya kwanza sinia lilikuwa na watu wengi, goti juu ya goti. Mahona akajibana, akakosa pa kuweka kiwiko, akamtazama Bujiku na fimbo yake. Akauliza kwa sauti, kama mtu aliyefanya kazi na ana njaa na anaona ana haki.

"Huyu mzee hapa anabeba nini?"

Kundi zima likaacha kutafuna. Bujiku akainamisha kichwa. Nyanjige alikuwa anapita na sufuria la mlenda. Akasimama nyuma ya Mahona, akamchotea upawa uliojaa, akamwekea mbele yake kwanza.

"Anakushikia nafasi," akasema. "Siku utakayovunjika uikute ina joto."